Mama, Hukufa Ukikimbia

Mama, mwaka umetimia tangu Jumamosi ile ulipoketi kwenye kiti cha dirishani, ukachukua shati la Baba ulishone kifungo, na hukuinuka tena.

Kwenye ukurasa huu wa gazeti wengine huweka picha na maua. Sisi tumeomba nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mwaka jana, mbele ya watu waliokuja kukuzika, tulisema juu yako jambo ambalo si kweli. Lilisemwa kwenye kipaza sauti, likaenea mtaani, likawaumiza watu waliokupenda. Anayeandika ni mimi, mwanao wa pili, karani wa shule. Maneno yale niliyapiga chapa mimi. Haya nayo nayapiga mimi.

Wasiokujua wakujue kwanza. Kwa miaka thelathini na moja ulisimama mbele ya pasi ya mvuke kwenye dobi kubwa, ukinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu ambao hukuwahi kuwaona sura. Ulirudi nyumbani unanukia wanga, miguu imevimba hadi ilibidi Baba akusaidie kuvua viatu. Kola iliyopinda ilikuwa inakuuma moyoni. Kituo cha basi, foleni ya benki, mlango wa kliniki, popote ulimgeuza mtu usiyemjua, ukamnyoosha kola, ukampigapiga begani na kumwambia sasa aende zake. Ndipo mtaa mzima ukakuita Mama Kola, na hata bili za umeme zilikufikia kwa jina hilo.

Ulikuwa na miaka hamsini na nane daktari alipokwambia presha imepanda na uzito umezidi. Sisi wanao tulichanga tukakununulia kipimo cha presha, tukaona tumemaliza kazi. Aliyekutoa nje ni jirani yetu, nesi mstaafu, aliyekuwa na miaka sitini na sita. Alikuja jioni moja amevaa raba, akakwambia hakuja kunywa chai. Mlikimbia kutoka getini hadi kwenye transfoma, mkarudi mkitembea. Ulipoingia ndani hukuweza kukaa wala kusimama. Uliegemea ukuta ukicheka hadi machozi, Baba akadhani umepatwa na jambo, akakimbilia maji.

Baada ya wiki chache alijiunga Fundi Saa, yule mwenye kibanda karibu na posta, miaka sabini na mmoja, mwembamba kama mshale wa dakika. Halafu mwokaji mikate, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyekuwa anamaliza zamu mchana na hapendi kurudi chumbani kwake mapema. Mkajiita Makobe. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na nusu, mlikutana getini kwetu. Sharti lenu lilikuwa moja: aliyechoka ndiye anayeamua mwendo. Na Fundi Saa, pamoja na kazi yake yote, alikataza mtu yeyote asitazame saa.

Wewe ulikuwa unayasemesha magoti yako. Tulikusikia toka ndani ukiyabembeleza, haya wanangu, tufike kwenye tuta tu, tukifika tutaongea. Ulikuwa wa mwisho siku zote na hukuona aibu. Ulisema mtu wa nyuma ndiye anayewaona wenzake wote, na kola zao.

Katika mwaka wa kwanza presha ilishuka, daktari akakupunguzia vidonge. Miguu ikarudi ndani ya viatu. Lakini hilo silo ulilolipenda zaidi. Siku moja tukikata mboga jikoni uliniambia kwamba tangu uolewe ulikuwa na majirani, wakwe, na wafanyakazi wenzako, wote wazuri. Marafiki ulikuwa huna. "Sasa ninao," ulisema, ukaendelea kukata mboga. Mimi nilikuwa natazama simu.

Sisi wanao, badala ya kufurahi, tuliona haya.

Mdogo wetu, msusi, alikurekodi ukipanda kilima, mdomo wazi, trakisuti imekubana, akaituma kwenye kundi la familia na kuandika kwamba bibi kizee ametoroka. Binamu wakaisambaza. Wiki haikwisha, mwenzako wa kazini akakuonyesha wewe mwenyewe. Ulimwambia mdogo wetu kwamba umeiona, na kwamba angesubiri kidogo angekupata ukishuka, maana ukishuka unapendeza. Yeye alicheka. Wewe hukucheka.

Kaka yetu, mwanao wa kwanza, ni mkandarasi. Jioni moja alikuwa garini na wateja wawili, mkakutana naye pale kwenye tuta. Ulifurahi, ukamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo ni wewe tu uliyebaki ukilitumia, ukakimbia kando ya gari ukimpungia mkono. Akapandisha kioo. Mteja mmoja akamuuliza kama anamfahamu yule mama, akasema hapana. Hayo alinisimulia mwenyewe, akicheka, nami nikacheka naye. Nyumbani wewe ulisema tu kwamba jua lilikuwa linampiga machoni, labda hakukuona.

Mwezi wa ishirini na mbili wa mbio zenu, ulisimama ghafla mwanzo wa kilima. Kifua kilibana kana kwamba mtu amekufunga mkanda, maumivu yakapanda hadi kwenye taya. Ulipopumzika yakaisha. Yalipokupata mara ya pili, Nesi hakukuuliza unataka nini. Kesho yake asubuhi alikupeleka kliniki. Daktari alikusikiliza, akakupima, akaandika barua ya rufaa uende hospitali kubwa ukachunguzwe moyo.

Barua hiyo ulikuja nayo kwenye kikao alichokiitisha Kaka sebuleni kwetu. Alikuwa akiitafuta sababu, na sasa alikuwa nayo. Alisema mbio zikome siku hiyohiyo. Alisema mwili wa mtu wa miaka sitini si gari la kukimbizwa barabarani, na kwamba watu wanasema. Mimi nikaongeza kwamba wenzako wa umri huo wametulia nyumbani na wajukuu. Baba alitazama viganja vyake. Ulitusikiliza mpaka mwisho, kisha ukaiinua ile barua.

"Hii inasema nipelekwe hospitali," ulisema. "Haisemi nifungiwe ndani."

Kaka akajibu kwamba yote mawili yatafanyika. Lilifanyika moja.

Barua ulinikabidhi mimi, kwa kuwa ofisi yangu iko vituo viwili tu kutoka hospitali ile. Uliniomba nikupangie siku, kwa sababu foleni za kule huzijui na unaogopa kupotea kwenye yale majengo. Nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba. Ulikuwa msimu wa mitihani, na sababu zilikuwa tele. Ningeweza kuziandika hapa na baadhi yenu mngenielewa. Ijumaa ya kwanza uliniuliza kama nimepita hospitali. Ijumaa ya pili ukaniuliza. Ya tatu uliniuliza huku ukiniomba radhi kwa kunisumbua. Baada ya hapo hukuuliza tena. Na kwa kuwa hukimbii, kifua nacho kikatulia, tukaambiana kwenye simu, mimi na Kaka, si unaona, zilikuwa ni zile mbio. Nikashusha pumzi. Barua ilikuwa imeandikwa kwamba uonwe ndani ya wiki mbili. Ilikaa kwenye mkoba wangu wiki kumi na moja.

Makobe hawakukuacha. Walibadilisha njia ili wapite chini ya dirisha letu, wakukute umekaa, wapunguze mwendo na kukuita. Uliwapungia mkono wakawa wanakwenda. Siku nyingine Fundi Saa alisimama akakukunjia kola yake makusudi, ukamwambia kwa ishara ainyooshe. Baba anasema wakishapita ulibaki umetazama barabara muda mrefu. Hakukuuliza unatazama nini. Miguu ilianza tena kuvimba.

Jumamosi ile walipita kama kawaida, wakakuita, na hukuinua mkono. Nesi hakupiga hodi. Alikukuta umelala upande mmoja kwenye kiti, sindano bado vidoleni, akakulaza sakafuni akaanza kukukandamiza kifua. Alifanya hivyo, yeye na mwokaji wakipokezana, hadi gari la wagonjwa likafika. Lakini kabla ya gari la wagonjwa alifika Kaka, aliyepigiwa simu na jirani, na anayekaa mitaa miwili tu kutoka kwetu. Aliingia akakuona chini. Aliona raba, jasho, Fundi Saa ameshika ukuta akihema, mwokaji analia. Hakuuliza kitu.

"Mmemkimbiza tena," alisema. "Mmemwua mama yangu."

Nesi, mikono ikiwa bado kifuani pako, akasema wewe hukukimbia. Kaka akamwambia anyamaze. Na Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, akijua yote, na hakusema neno.

Jioni hiyo mimi nilipewa habari kama Kaka alivyoiona. Nikaandika wasifu wako. Ndani yake nikaweka sentensi hii: "Mauti yalimfika kutokana na mazoezi yasiyolingana na umri wake." Nilipokuwa nikiipiga chapa, mkoba wangu ulikuwa kwenye kiti cha pembeni. Sitasema nilikuwa nimeisahau barua. Niliikumbuka, na sikuitoa. Sentensi ile ilinifaa.

Kaka aliisoma kaburini kwa sauti kubwa. Makobe walikuwa nyuma kabisa, karibu na uzio, na shada lao. Mdogo wetu alitumwa akawaambie wasilete mbele. Nesi aliliweka palepale kwenye nyasi, akawashika wenzake mkono, wakaondoka kabla udongo haujaisha kurudishwa.

Ndivyo tulivyokuzika. Na maneno yetu hayakuishia makaburini. Mtaani kila mwanamke aliyetaka kutembea jioni aliambiwa amkumbuke Mama Kola. Mwenye klabu ya mazoezi ya wazee aliifunga, watu wameacha kuja. Mwokaji alihamia upande mwingine wa mji. Wateja wake wawili walikuwa wamemwuliza usoni kama ni yeye yule. Fundi Saa alizitia raba zake kwenye mfuko akazigawa.

Mwezi wa tano baada ya wewe kuondoka, nilimpelekea Fundi Saa saa yako, ilikuwa imesimama. Alikuwa amenenepa tumbo na kupooza usoni. Aliifungua, akabadilisha betri, akaifuta kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na hakunirudishia.

"Mwanangu," akasema, "nikuulize kitu, unijibu kweli hata kama ni kibaya. Najua siku ile hakukimbia. Lakini ile miezi ya nyuma, tulimkimbiza kupita kiasi?"

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena: siku ile hukukimbia. Ulikuwa na miezi miwili na zaidi hujakimbia. Kila mtu aliyekuwa mle chumbani alijua, isipokuwa aliyeingia mwisho. Mzee wa miaka sabini na mitatu alikuwa amekaa miezi mitano kibandani akijiuliza kama yeye ni muuaji, nami ndiye niliyemwandikia hivyo kwa mashine ya shule.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Baba anasikiliza redio, nikaizima. Hakuwahi kuona mtoto akimzimia redio. Nilimuuliza, naye hakukataa. Alisema alikuwa kitandani, sauti ya redio iko juu, hatua nane kutoka kwenye kiti chako. Hakusikia kitu. Kaka alipoanza kupiga kelele, aliona watu wana wa kumlaumu, na wa kulaumiwa si yeye.

"Niliwaachia," Baba alisema. "Nilidhani ni kwa siku ile tu. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na keshokutwa."

Kesho yake nilikwenda kwa Nesi na barua. Alinikaribisha kama vile nilikuwa nimechelewa kidogo tu. Aliisoma akiwa amesimama, miwani mkononi, akanieleza taratibu kama anavyoeleza mgonjwa. Mishipa ya moyo ilikuwa inaziba, huenda kwa miaka mingi. Mbio hazikukupa ugonjwa, ila ndizo zilizokuonyesha unao, mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ulipokaa kitini maumivu yaliacha kukusumbua, lakini ugonjwa ulikuwa unaendelea na kazi yake. Alisema hawezi kuniahidi kwamba hospitali wangekuokoa. Alisema wengi huokolewa.

Nilimuuliza kwa nini yeye hakukupeleka, kama alivyokupeleka kliniki. Hapo ndipo aliketi.

"Nilimwambia twende, mara mbili," alisema. "Akanijibu, hapana, binti yangu analishughulikia. Alilisema kwa kujivuna, mwanangu. Ningemwambiaje kwamba hulishughulikii?"

Mama, hilo ndilo ninaloamka nalo.

Tulimweleza Kaka sisi watatu, Baba, mimi na mdogo wetu, kwenye sebule ileile. Baba ndiye aliyezungumza. Kaka alikana, kisha akasema Nesi anajitetea, kisha akaiona barua na tarehe yake, akanigeukia mimi. Maneno aliyonitolea nilistahili. Tulipomwambia tutayaandika haya gazetini siku ya mwaka wako, alituomba tusifanye hivyo. Alisema umekwisha kuzikwa, na kwamba ukweli hautakurudisha bali utamwaibisha yeye mbele ya wateja. Baba, ambaye kwa miaka arobaini hatukumsikia akibishana na mtu, alisema litatoka. Kaka akaondoka. Hajaja nyumbani tangu siku hiyo, ni miezi sita sasa.

Basi tunasema hivi, na aliyesikia lile la kwanza alisikie na hili. Mama Kola hakufa kwa sababu ya kukimbia. Mama Kola alikufa amekaa, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo ambao daktari aliuona na familia yake ikaupuuza. Ile miezi ishirini na miwili aliyokimbia na rafiki zake ilikuwa ya afya na furaha kuliko yote tuliyomwona nayo, na ni sisi tulioikata. Mwanamke yeyote aliyefungiwa ndani kwa kutajiwa jina la mama yetu, afunguliwe mlango. Na mwenye barua ya hospitali ya mzazi wake mfukoni, aache gazeti hili hapa aende.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakuwa kaburini. Tumewaomba Makobe wasimame mbele, pamoja nasi. Mwokaji amesema atajaribu kuomba ruhusa kazini. Nesi atakuja, bado anakimbia, peke yake, kutoka getini kwetu hadi kwenye transfoma na kurudi, na tukimwona tunatoka nje kumsalimia, ingawa tunajua aliyezihitaji salamu hizo ulikuwa wewe. Fundi Saa nilimfuata mwenyewe. Alinisikiliza, akanishukuru kwa kumwambia, akasema hatakuja. Amesema moyo wake umetua, lakini miguu haitaki tena, na mwaka mmoja kwa mtu wa umri wake si kitu cha kurudishiwa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa hulala mlango ukiwa wazi na redio imezimwa. Unakumbukwa nami, mwanao wa pili, na mume wangu. Unakumbukwa na kitinda mimba wako, msusi, aliyemaliza usiku na mchana kuitafuta ile video kwa kila aliyewahi kuipokea, aifute, na hakuweza kuwamaliza. Unakumbukwa na wajukuu wako wanne, waliosimuliwa yote haya kabla hayajaandikwa. Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, ambaye hakutaka tangazo hili litoke. Tumemwandika bila ruhusa yake, kwa sababu wewe usingekubali orodha isiyo na yeye.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiza, Mama, na hatuombi nafuu.